Sikio la Kushoto la Bu Yatun

Ukitaka kumwambia Bu Yatun jambo la maana, simama upande wake wa kulia. Ukitaka kumsema bila yeye kujua, simama kushoto. Kichochoro chetu chote kinajua hilo, na yeye anajua kwamba tunajua. Surua ilimpata akiwa mtoto mdogo, ikaondoka na sikio moja. Lililobaki amelifanyia kazi kuliko wengi wetu tunavyoyafanyia kazi mawili.

Hata lile lililokufa halikai bure. Muuza mboga akimtajia bei asiyoipenda, Bu Yatun anageuza shingo taratibu na kumletea sikio la kushoto.

"Eh? Umesemaje, kaka?"

Muuza mboga anarudia kwa sauti.

"Eh?"

Akirudia tena, wanawake wanaanza kucheka na mwenyewe anaona haya, anashusha bei. Anamwita mchawi, lakini kesho yake anasimamisha mkokoteni mlango ule ule.

Bu Yatun, maana hapa kwetu mama wa heshima huitwa Bu, ni mke wa fundi wa kuchomelea vyuma. Ana watoto watano, wote wana mashavu kama maandazi yaliyoumuka vizuri. Hakuna aliyemwajiri kusimamia afya ya watoto wa kichochoro hiki. Alijitolea tu, zamani, kwa sababu mkutanoni aliuliza swali moja na wenzake wakamwambia, basi shika wewe. Mpaka leo ameshika. Siku moja kila mwezi watoto wetu wadogo wote wanapimwa uzito, wanaangaliwa na mkunga kutoka kituo cha afya, wanachanjwa, kisha wanapewa uji wa choroko. Kazi hiyo hufanyika kwenye baraza langu, si kwa sababu yangu, ila kwa sababu ya boriti. Nyumba nyingi za hapa Surabaya karibu na mto zimejengwa kwa mbao nyembamba, na mizani ya kuning'iniza inataka boriti nene. Kwa hiyo siku hiyo naziweka pembeni feni za watu ninazotengeneza, napanda mezani, nafunga mizani, nakaa kimya. Watoto wanavalishwa kaputula ya turubai yenye kamba, wananing'inizwa mmoja mmoja kama samaki sokoni, na kila mmoja analia kwa namna yake.

Jioni ya kuamkia siku hiyo Bu Yatun hupita mlango kwa mlango akigonga mwiko kwenye sufuria.

"Kesho mizani! Asiyekuja namfuata na uji wa moto!"

Mtoto aliyekuwa akimsumbua akili mwaka ule aliitwa Bagaskara Panji Wirabumi. Bagaskara ni jua, Wirabumi ni shujaa wa dunia nzima. Jina alilichagua baba yake, Jumadi, dereva wa pikipiki za abiria, mtu mwenye ndoto kubwa. Tatizo ni kwamba lilikuwa refu kuliko mtoto. Alikuwa anakaribia mwaka na bado ungeweza kumbeba mkono mmoja huku unakunywa kahawa. Mwezi mmoja tulimning'iniza, mshale wa mizani ukasimama. Mwezi uliofuata ukasimama pale pale. Niliigonga mizani kwa kidole nikidhani imekwama. Haikuwa imekwama.

Mama yake, Nanik, alikuwa anashona viatu kiwandani, anatoka kabla ya jua na kurudi amechoka. Mtoto alishinda na bibi yake, Mbah Rukinem, na aliyeshinda na mtoto ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Huko nyuma mtoto alichomwa sindano moja ya chanjo, akashikwa na homa. Mbah Rukinem alikesha naye akimkanda na vitunguu vilivyopondwa. Asubuhi homa ilishuka, ila Mbah alikuwa ameshaapa. Hakuna sindano tena.

"Mtoto haumwi," aliwaambia watu. "Kalemewa na jina. Nani anaweza kubeba jua na dunia kwa pamoja, na hata kukaa bado hajui?"

Hilo kwetu si jambo la kucheka. Sisi Wajava tunajua kuna majina mazito, na kuna watoto wasioyaweza.

Kisha surua ikaingia mtaa wa upande wa pili wa reli. Bu Yatun aliposikia, alivaa kandambili akaenda kwa Mbah Rukinem. Mimi nilikuwa dirishani kwao natengeneza swichi, nikasikia yote.

"Mbah, chanjo ya surua mwezi huu. Tafadhali."

"Hapana."

"Eh?" Bu Yatun akageuza shingo.

"Usiniletee hilo sikio lako bovu! Nimesema hapana! Huwa unasikia nusu nusu, ndiyo maana unaongea nusu nusu."

"Hiyo nusu nyingine iko wapi, Mbah? Kaiulize surua."

"Toka kwangu."

Alitoka. Wanawake hao wawili, ambao nyumba zao zinatazamana hivi kwamba mmoja akikaanga samaki mwingine anapiga chafya, wakaacha kuzungumza. Ilikuwa shida kwetu sote, maana Mbah Rukinem akitaka kisu chake alichokiazima Bu Yatun, alikuwa anakiomba kupitia kwangu.

Nadhani Bu Yatun alilia kidogo siku zile. Nilimwona ameketi kwenye kizingiti anamtazama yule mtoto ng'ambo, amejishika sikio la kushoto kama mtu mwenye jino bovu.

Ndipo asubuhi moja Mbah Rukinem akaja barazani kwangu, akasimama, akaanza kuziangalia feni ambazo hakuwa na haja nazo.

"Cak Pardi," akasema, "tunamtupa mjukuu."

Nikaelewa. Mtoto asiyepata nafuu hutupwa. Analazwa kwenye ungo, anawekwa juu ya taka zilizofagiliwa, na ufagio pembeni yake, ili kile kinachomfuatafuata kione kwamba hatakiwi na mtu. Halafu mtu mwingine anapita, anamwokota, anapiga kelele kwamba ameokota mtoto. Kuanzia hapo ni mtoto wa mwokotaji. Mwokotaji anampa jina jipya, jepesi, na wazazi wanakuja kumkomboa kwa chochote kile mwokotaji atakachotaka, mara nyingi sarafu kidogo na chumvi. Mtoto anarudi nyumbani kama mgeni, na ugonjwa haumtambui tena.

"Nani ataokota?" nikauliza.

Mbah Rukinem akageuza feni moja, akaitazama kwa nyuma.

"Lazima awe mwanamke mwenye watoto wengi na wazima wote," akasema. "Nimefikiria mke wa muuza supu ya bakso. Ana wawili tu, na mmoja anakohoa. Nimefikiria na yule wa kona. Watoto wake wanang'atana." Akairudisha feni chini. "Kamwambie huyo jirani yako."

"Yupi, Mbah?"

"Usinifanye nitaje jina, Cak Pardi. Unamjua."

Nikaenda. Bu Yatun alikuwa anafua. Alinisikiliza kwa sikio la kulia, povu likimtiririka viwikoni, kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu ule ugomvi.

"Mwambie nakubali. Ila mtoto nikishamwokota ni wangu mpaka wamkomboe, na bei ninataja mimi. Anajua?"

"Anajua."

"Vizuri ajue."

Nikaona anachofikiria. Kusema si kazi yangu.

Siku ya kumtupa ilibidi iwe siku aliyozaliwa kwa kalenda yetu ya Kijava, na siku hiyo ikaangukia siku ya mizani. Mbah hakutaka kuisogeza. Wakapanga kwamba mapema asubuhi, kabla akina mama hawajaja, mtoto atawekwa kwenye lundo la taka pale mwanzo wa kichochoro, na Mbah akiwa tayari amejificha ataita, "Yatun, sasa!" Bu Yatun, atakayekuwa barazani kwangu anakoroga uji, atatoka na kumwokota.

Mpango mzuri. Kasoro yake ilikuwa kwamba sufuria la uji lilikaa upande wa kulia wa baraza, na anayelikoroga anaupa mwanzo wa kichochoro sikio la kushoto. Watu wote tunajua habari ya sikio lile, na hakuna hata mmoja aliyeliwaza.

Nilikuwa nimesimama juu ya meza, mizani mikononi, kamba nimeing'ata. Nilimwona Jumadi anakuja amebeba ungo kwa heshima kama anabeba keki. Akauweka juu ya majani na maganda, akaweka ufagio, akakimbilia nyuma ya pipa la maji walikokuwa Nanik na Mbah. Mtoto akatazama mbingu, akaanza kulia.

"Yatun, sasa!" Mbah akaita, kwa sauti ya kunong'ona kwa nguvu.

Bu Yatun akaonja uji. Akaongeza sukari guru.

"Yatun! Sasa!"

Akaongeza tui.

Mimi nikajaribu kusema, lakini mtu mwenye kamba mdomoni anatoa sauti ya mbuzi. Bu Yatun akanitazama, akacheka, akasema, "Na wewe Cak Pardi, njaa hiyo!" akaendelea kukoroga.

Hapo ndipo pikipiki ilipoingia.

Aliyekuja ni Bu Desmi, mkunga wa kituo cha afya, na kisanduku chake cha barafu kimefungwa nyuma. Ni mtu wa Sumatra, amehamishiwa kwetu karibuni, anaongea haraka na anakula pilipili kama wengine wanavyokula karanga. Mambo ya Wajava hakuna aliyekuwa amemweleza. Aliona mtoto mchanga juu ya taka. Pikipiki aliiacha ijiangukie yenyewe, akamnyakua mtoto, akamkumbatia kifuani, akapiga kelele mpaka kuku wakaruka.

"Nimeokota mtoto! Jamani, nimeokota mtoto kwenye taka!"

Neno kwa neno.

Nyuma ya pipa Mbah Rukinem akatoa mlio kama mtu aliyekalia sindano. Kati ya watu wote wa mji huu, mjukuu wake ameokotwa na mwenye sindano.

Kelele ile hata sikio la kushoto la Bu Yatun lingeisikia. Aligeuka, akatupa mwiko, akakimbia. Milango ikafunguka kote. Bu Desmi alimwinua mtoto kila mtu amwone.

"Nani mama wa mtoto huyu? Nani kafanya unyama huu? Napiga simu polisi sasa hivi!"

"Mimi ndiye baba yake," akasema Jumadi kutoka nyuma ya pipa.

"Na unasema bila haya!"

"Hatukumtupa, Bu Mkunga. Yaani, tulimtupa, lakini hatukumtupa."

"Rudisha!" Mbah Rukinem alikuwa ameshatoka. "Mrudishe kwenye ungo, binti yangu. Umekosea, si wewe. Yatun, mwambie amrudishe tuanze upya!"

Bu Yatun akasimama kati yao. Alikuwa amepanga kila kitu, bei yake ameiweka tayari mdomoni, na sasa mtoto hakuwa mikononi mwake. Kama Bu Desmi angeondoka na hasira, angekuja na askari, na Mbah asingefungua mlango wake kwa mtu yeyote wa afya mpaka afe. Kama mtoto angerudishwa kwenye ungo, watu wangesema ameokotwa mara mbili, na hakuna anayejua hiyo maana yake nini.

"Yatun! Mwambie!"

Bu Yatun akageuza shingo taratibu, akampa Mbah sikio la kushoto. Kisha akamshika Bu Desmi bega, akamnong'oneza. Alinong'ona muda mrefu. Uso wa Bu Desmi ulipita rangi zote.

"Kwa hiyo," Bu Desmi akasema mwishoni, "huyu sasa ni mwanangu?"

"Mpaka akombolewe," watu wakajibu kwa pamoja.

"Nimuuze? Mimi siuzi watu!"

"Unataja bei tu, Bu," akasema muuza mboga, ambaye tayari alikuwa amesimamisha mkokoteni. "Usimruhusu Yatun akupangie, utapata hasara."

Watu wakacheka, na Bu Desmi pia, kwa shida. Akamtazama mtoto, akambana mkono ule mwembamba kwa vidole viwili, na cheko likafutika usoni.

"Basi mwanangu kakonda," akasema. "Na surua iko ng'ambo ya reli, na mwanangu hajachanjwa. Bei yangu ni hiyo. Apimwe, achomwe, mama yake amshike mwenyewe. Sarafu sitaki."

"Mama gani anamchoma mwanawe!" Mbah Rukinem alikuwa analia sasa. "Mlikuwepo nyie ile homa? Nilikuwepo mimi. Alikuwa anawaka kama kaa la moto. Nilidhani anakwenda."

Bu Yatun alimsogelea. "Mbah, simama hapa," akasema, akamweka upande wake wa kushoto. "Niite kama ulivyoniita asubuhi."

"Mchezo gani huu?"

"Niite."

Mbah akaita. "Yatun." Bu Yatun akawa anatazama mbele, hajui kama ameitwa au la. Mbah akaita tena, akarudia. Mwishowe akamgusa mkono.

"Umeshaita?" Bu Yatun akauliza.

"Nimeita."

"Mjukuu wako alikuwa kwenye taka analia, na wewe unaniita, na mimi naongeza sukari." Hakupandisha sauti. "Mama yangu naye aliogopa homa ya sindano, Mbah. Hakuwa mtu mbaya."

Mbah Rukinem akafuta macho kwa ncha ya kanga. Nanik, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua mdomo, akatoka nyuma ya pipa.

"Mama," akasema, "bei hiyo mimi nalipa."

Mbah alimtazama binti yake. Kisha akamgeukia mkunga, ukali wake umerudi nusu.

"Na homa?"

"Inaweza kuja, ndogo. Kwa hii sindano mara nyingi huja baada ya wiki moja hivi. Nitakuachia dawa na nitakuonyesha namna ya kumpa."

"Baada ya wiki! Homa yenye miadi!"

"Ikija niite," akasema Bu Yatun. "Nitakaa nawe mpaka iondoke. Ila uje upande wa kulia."

Mbah akavuta kamasi. "Jina kwanza," akasema. "Hachomwi mtu asiye na jina."

Hapo Bu Desmi akababaika tena. "Jina? Mimi?"

"Fupi!" kichochoro kizima kikapiga kelele.

"Labda kipande kidogo cha Wirabumi kibakie," Jumadi akajaribu. "Hata Bumi tu."

"Nyamaza wewe!" mkwe na majirani wakamwambia kwa pamoja.

"Mtu aliyeokotwa mnamwitaje hapa kwenu?" Bu Desmi akauliza.

"Temu," akasema Bu Yatun.

"Basi Temu."

Tukaenda barazani. Niliifunga mizani vizuri, Temu akavalishwa kaputula, akaning'inia akitazama miguu yake. Mshale ulikuwa pale pale. Bu Desmi akaita kwa sauti jina lililoandikwa kwenye daftari la mizani, "Bagaskara Panji..." na Mbah Rukinem akamziba mdomo kwa kiganja, mkunga mzima wa serikali.

"Huyo hayupo! Alitupwa!"

Nanik akampakata mtoto. Mbah akageuka ukutani, mikono masikioni. Temu alichomwa, akafungua mdomo, akakaa hivyo kimya kwa muda kama anafikiria, kisha akalia kilio ambacho hatukujua kifua kile kinacho. Bu Yatun akamletea uji. Alikula huku analia.

Wiki ile Mbah Rukinem alikuwa mtu wa kuchekesha. Kila asubuhi alitoka na kutangaza, "Bado haijaja," kama anangoja basi. Ilipokuja ilikuwa homa ya mchana mmoja. Alivuka kichochoro, akazunguka, akasimama upande wa kulia. "Imefika," akasema. Bu Yatun akachukua beseni na kitambaa. Nilipopita niliwakuta wameketi mkekani, mtoto katikati, wanabishana nani aliyekaanga samaki akamuunguza. Kabla ya magharibi mtoto alikuwa anatafuna kona ya mkeka.

Bu Desmi naye alipoelezwa kwamba mama wa kuokota hamwachi mwanawe akiwa amekonda, akawa kila apitapo analeta mayai. Bu Yatun alimfundisha Mbah kuyaponda kwenye uji, na Mbah akasema njia hiyo alikuwa anaijua tangu zamani ila hakuulizwa.

Mvua zilipoanza surua ilivuka reli. Ilimkamata mtoto wa yule mama wa kona, yule aliyekuwa na ndugu wanaong'atana, naye akapona baada ya kutusumbua sana. Mlangoni kwa Mbah Rukinem haikugonga.

Siku ya mizani iliyofuata nilipanda mezani, nikafunga kamba. Bu Yatun alikuwa anakoroga uji, sasa ameweka sufuria upande wa kushoto wa baraza. Temu alivalishwa kaputula, akaning'inizwa, mshale ukatikisika na kusimama mahali ambapo haujawahi kusimama kwa ajili yake. Mbah Rukinem aliuangalia. Akaniangalia mimi, nikatikisa kichwa kwamba sikuigonga.

Alikwenda kwa Bu Yatun. Alipofika alikuwa kushoto kwake. Akasita, akamzunguka kwa nyuma mpaka kulia, akainama karibu kabisa.

"Kapanda," akasema.

"Eh?" akasema Bu Yatun.

"Umesikia, Yatun. Hili ndilo sikio zima."

"Nimesikia, Mbah. Nataka urudie tu."